Jinsi ya kutengeneza kisanduku cha mninga kwa vifaa vichache

Kisanduku ni kazi nzuri kwa mtu anayefanya useremala kwa kujifurahisha. Hakihitaji karakana kubwa, meza ya kulia chakula ikitandikwa gunia inatosha, na mbao yake unaibeba mkononi. Ugumu wake uko mahali pengine: kila kosa linaonekana. Kwenye kitanda, pengo la milimita 1 hakuna atakayeliona. Kwenye kisanduku cha kuwekea hereni, mtu anakishika, anakigeuza, anakileta karibu na macho. Kwa hiyo muda wako mwingi utaishia kwenye kuchagua mbao, kupima na kukata, na kidogo sana kwenye gundi na rangi.

Kisanduku cha mwongozo huu kina urefu wa milimita 240, upana wa 150 na kimo cha 95 kabla ya kukatwa kifuniko. Kinatosha barua, vito au vifaa vya kushonea. Tutakijenga kikiwa kimefungwa pande zote sita kama tofali, halafu tutakipasua kwa msumeno ili kifuniko kitoke kwenye mwili wenyewe. Ukitengeneza kifuniko peke yake na mwili peke yake, kuvilinganisha baadaye ni kazi ya kuumiza kichwa. Ukikipasua, vinalingana vyenyewe.

Mbao

Tafuta kipande cha inchi 1 kwa 4, urefu wa mita 1 na sentimita 20 hivi. Usianzie kwenye duka la mbao. Nenda kwa mafundi wa samani, Keko kwa mtu wa Dar es Salaam, Ngong Road kwa mtu wa Nairobi, au karakana yoyote ya mtaani kwako, uulizie mabaki. Vipande vya urefu huu haviwafai kitu, vingi huishia kuni, na hapo utapata mbao nzuri kwa bei ya maelewano.

Mninga ndio ninaoupenda kwa kazi hii. Unakatika vizuri, una rangi kati ya dhahabu na kahawia nyekundu, na sifa yake kubwa ni kutocheza: ukishakauka haujikunji wala kusinyaa sana. Epuka sehemu nyeupe ya pembeni, kwa sababu dudu huipenda. Mkangazi ni laini zaidi na unafaa kwa anayeanza. Mtiki ni mzuri pia, ila una mafuta ya asili, hivyo sehemu za kuunganisha zifute kwa kitambaa chenye tina (kiyeyusho cha rangi) kabla ya kupaka gundi. Mvule nao unafaa, lakini ujihadhari: wakati mwingine ndani ya mti huo hujijenga jiwe gumu la chokaa, na likikutana na msumeno wako, meno yamekwenda. Ukitaka kujaribu kwanza bila gharama, chukua paini.

Vumbi la mninga, mvule na hasa mpingo linawasha pua, koo na ngozi. Vaa barakoa kila unapopiga msasa, na fanyia kazi hiyo nje.

Jambo la ukavu halina njia ya mkato. Mbao mbichi itakupa kisanduku kizuri leo, na mwezi ujao kona zitafunguka. Kama huna kipimo cha unyevu, tumia mizani ya jikoni: pima kipande, andika uzito juu yake kwa penseli, kiweke ndani ya nyumba mahali penye hewa, kisha kipime tena kila baada ya siku chache. Uzito ukiendelea kushuka, bado kinatoa maji. Ukisimama mahali pamoja kwa wiki mbili, anza kazi. Mbao iliyotoka Tanga kwenda Dodoma ipe muda zaidi, hewa ya bara itainyonya upya.

Kazi ya mashine, ifanywe mara moja

Anayefanya kwa kujifurahisha kwa kawaida hana mashine ya kupasulia wala ya randa, na hahitaji kuzinunua. Mlipe fundi akufanyie mambo matatu kwa mpigo mmoja, mbao ikiwa bado ndefu, kwa maana vipande vifupi ni hatari kwenye mashine.

La kwanza, aipige randa ipate upana wa milimita 95, kisha aipasue katikati ya unene ili upate mbao mbili nyembamba. La pili, azipige randa hadi unene wa milimita 9. Inchi 1 ya dukani mara nyingi haifiki milimita 25, kwa hiyo ukiambiwa imetoka 8, pokea. Utabadilisha vipimo vichache tu, vile vinavyotegemea unene wa mbao.

Hapo msimamishe kidogo. Kata milimita 250 kutoka ncha ileile ya mbao zote mbili, zile ncha zilizokuwa zimegusana kabla ya kupasuliwa. Ukizifungua kama kitabu, utaona michoro ya upande mmoja inajibu ya upande wa pili. Hicho ndicho kitakuwa kifuniko chako, kiweke kando.

La tatu, kwenye moja ya mbao ndefu zilizobaki, apitishe msumeno wa mashine kuchimba mifereji miwili, kila mmoja ukiwa milimita 6 kutoka ukingoni, kina milimita 3. Bapa la msumeno wa mashine kwa kawaida hukata upana wa karibu milimita 3, na hiyo inakaa vizuri na plaiwudi ya milimita 3 ya kitako. Nenda na kipande cha plaiwudi, ukijaribu pale pale. Kikiwa kinalegea, mfereji ni mpana mno; kikiingia kwa kusukumwa kwa kidole, lipa uondoke.

Mbao pana zilizopasuliwa huweza kujikunja kidogo zinapopata hewa mpya upande wa ndani. Zipange nyumbani na vijiti katikati yake, weka uzito juu, uziache wiki moja.

Kukata pande nne

Chukua mbao yenye mifereji. Kabla ya kukata chochote, andika juu ya uso wa nje, kwa mpangilio huu kutoka kushoto: KUSHOTO 144, MBELE 240, KULIA 144, NYUMA 240. Chora pia mstari mmoja mrefu wa mshazari unaopita juu ya vipande vyote vinne. Ukifuata mpangilio huo, nyuzi za mbao zitazunguka kisanduku kizima, zikipinda kwenye kona kana kwamba kimechongwa kutoka gogo moja. Kona ya mwisho tu ndiyo haitaendana, nayo iwe ya nyuma kushoto, ambako macho hayaendi. Jambo hili halikugharimu hata senti, na ndilo linalomfanya mtu akigeuze kisanduku mara ya pili.

Kwa nini 144? Upana wa nje ni 150. Pande ndefu zitakuwa na ngazi kwenye ncha zake, yaani sehemu iliyopunguzwa unene ili upande mfupi ukae hapo, na kwenye ngazi hiyo utabaki ulimi wa milimita 3 kila upande. Toa 6 kwenye 150, unapata 144. Hesabu hii haibadiliki hata mbao yako ikiwa ya unene wa 8, mradi ulimi ubaki 3.

Tia alama kwa kisu chenye ncha, siyo penseli. Mstari wa penseli una unene wake. Mstari wa kisu ni mfereji ambao patasi au msumeno unauhisi. Zungusha mstari pande zote nne za mbao kwa kutumia skwea (kifaa cha kupimia pembe mraba), kisha kata nje kidogo ya mstari kwa msumeno wa meno madogo na umalizie kwa randa au msasa uliogandishwa kwenye kipande cha mbao kilichonyooka.

Sasa sikiliza hili kuliko yote: vipimo vyenyewe vinaweza kukosea, mradi jozi zilingane. Mbele ikiwa 239 na nyuma 239, kisanduku kiko sawa. Mbele ikiwa 240 na nyuma 239, hakitakaa mraba kamwe, na utajaza gundi mpaka ukome. Shika jozi pamoja, zisimamishe juu ya kioo au kigae, pitisha kidole juu ya vichwa vyake. Ukucha unahisi tofauti ambayo jicho halioni. Kirefu kisugue msasa, jaribu tena.

Ngazi za kona

Ngazi zinachongwa kwenye ncha za pande mbili ndefu peke yake, upande wa ndani, ule wenye mifereji. Upana wa ngazi ni unene wa mbao yako. Usipime kwa rula: simamisha kipande kifupi juu ya ncha ya kirefu na uchore kwa kisu pembeni yake. Kina cha ngazi ni kile kinachoacha ulimi wa milimita 3, yaani 6 kwa mbao ya 9.

Funga kipande cha mbao kilichonyooka juu ya mstari kwa klampu ili msumeno uegemee hapo, kata hadi kina chako, halafu ondoa takataka kwa patasi. Nyuzi za mninga wakati mwingine zimepishana, kwa hiyo usipige patasi kutoka kichwani kwa nyundo, unaweza kupasua ulimi wote. Kwangua kutoka pembeni kuelekea katikati, tabaka jembamba kwa jembamba, kwa mkono tu. Patasi inole kabla ya kuanza. Ikiwa haikati karatasi ikiwa imeshikiliwa hewani, haijawa tayari.

Uzuri wa kona hii ni kwamba mifereji inajificha. Kwenye upande mrefu mfereji unaishia ndani ya ngazi, na kwenye upande mfupi unafunikwa na ulimi. Huhitaji kuziba tundu lolote kwa nje.

Kitako na kifuniko

Kitako ni plaiwudi ya milimita 3, ukubwa wa 227 kwa 137. Kata, jaribu, endelea.

Kifuniko kinahitaji uangalifu zaidi kwa kuwa ni mbao halisi, na mbao halisi hupanuka kwa upana wake masika ikiingia na kusinyaa kiangazi. Urefu wake haubadiliki. Ukikibana kwa gundi pande zote, ama kifuniko kitapasuka au kitasukuma kona zifunguke. Kwa hiyo kinaelea ndani ya mfereji bila gundi.

Unganisha vile vipande viwili vya ncha ubavu kwa ubavu kwa gundi, michoro ikijibizana, na uviache usiku mzima. Kisha vipunguze hadi 226 kwa 136. Pande zote nne, uso wa juu, piga randa mteremko wa upana wa milimita 15 unaoshuka hadi ukingo ubaki na unene wa milimita 2 hivi. Anza na vichwa, malizia na mbavu, ili randa ikichana kona ya kichwa, ubavu uje kuondoa palipochanika. Tumia kipande kilichobaki cha mbao yenye mfereji kama kipimo: ukingo uingie milimita 2 bila kugongwa.

Kipige msasa sasa hivi, namba 120, 180, halafu 240, na ukipake mafuta au vanishi uso wa juu na kingo kabla ya kukiunganisha. Gundi haitashika kwenye vanishi, na kikisinyaa baadaye hautaonekana mstari wa mbao isiyopakwa.

Kuunganisha

Piga msasa pande za ndani pia. Baada ya gundi hutafika huko tena. Kisha unganisha kila kitu bila gundi, ukifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli uliokatwa kama utepe. Mpira huo ndio klampu bora ya visanduku. Unabana kona zote nne kwa nguvu sawa, haukwaruzi, na kwa fundi baiskeli yeyote unaupata bure.

Pima mishazari miwili, kona hadi kona. Kwa kisanduku hiki kila mmoja uwe 283. Vikipishana, bana mrefu kwa mikono mpaka vilingane. Kama havikubali, rudi kwenye jozi, tatizo liko huko.

Ukiridhika, fungua, paka gundi nyeupe ya mbao. Vichwa vya pande fupi hunywa gundi kama mchanga, hivyo vipake mara moja, subiri dakika mbili, upake tena. Kitako tia tone tu katikati ya kila mfereji. Kifuniko usikiguse na gundi kabisa. Funga mpira, pima mishazari tena gundi ikiwa mbichi, na gundi iliyojitokeza nje iache iwe kama ulimbo kisha uikwangue kwa patasi. Ukiifuta kwa kitambaa cha maji unaisambaza kwenye vinyweleo vya mbao, na baadaye itaonekana kama doa jeupe chini ya mafuta.

Siku ya pili, imarisha kona. Vijiti vya mishikaki vya mwanzi vina unene wa karibu milimita 3 na ni vigumu ajabu. Toboa matundu ya kina cha milimita 20 kutoka uso wa mbele na wa nyuma kuingia kwenye vichwa vya pande fupi, milimita 4.5 kutoka ukingo, matatu kwa kila kona: 15, 50 na 75 kutoka juu. Usibadilishe nafasi hizo ovyo, maana msumeno wa kifuniko utapita kati ya la kwanza na la pili. Chovya kijiti kwenye gundi, kigonge taratibu, kata kilichobaki na ukisawazishe. Nukta nyeupe kwenye mninga mwekundu zinapendeza. Anayetaka giza achonge vijiti vya mpingo.

Kupasua

Zungusha mstari wa kisu milimita 28 kutoka juu, pande zote. Usikate moja kwa moja kutoka upande mmoja hadi mwingine. Anza kona moja, kata kina cha milimita chache, geuza kisanduku, fuata mstari upande unaofuata, endelea kuzunguka mpaka mkato ufike ndani. Ukimaliza pande mbili, chomeka vipande vya kadi nene kwenye mkato na ufunge kwa utepe wa karatasi wenye gundi wa mafundi rangi, ili kifuniko kisibane msumeno wala kisivunjike mwishoni.

Gandisha karatasi ya msasa namba 120 juu ya kioo au kigae kipana, sugua mwili kwa mzunguko, kisha kifuniko. Chora penseli kwenye kingo kabla: penseli ikifutika kila mahali, uso umenyooka.

Bawaba au mdomo?

Kwa kisanduku cha kwanza nashauri uachane na bawaba. Zilizo nyingi madukani ni za chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu, kubwa kuliko kisanduku, na zikikaa nusu milimita vibaya, kifuniko kinapinda. Tengeneza mdomo badala yake: vipande vinne vya paini au mkangazi vya unene wa milimita 3, kimo 61, vinavyosimama ndani ya mwili na kuchomoza milimita 5 juu ya ukingo. Viwili vya urefu wa 222, viwili vya 126, vikiingia kwa kubanana bila gundi. Kifuniko kinakaa juu ya mdomo huo. Sugua uso wa nje wa sehemu iliyochomoza mpaka kifuniko kishuke kwa uzito wake.

Anayetaka bawaba lazima atafute za shaba halisi za inchi 1, azizamishe kwa patasi milimita 45 kutoka kila ncha, atoboe kila tundu, na aingize kwanza skrubu ya chuma ya ukubwa uleule iliyopakwa nta. Skrubu ya shaba ikilazimishwa kwenye mninga inakatika shingo. Mafundi wa makasha ya Zanzibar na Lamu waliyapamba kwa misumari na mabapa ya shaba, nawe unaweza kuazima urembo huo, kwa kiasi.

Kupaka

Msasa wa mwisho 240, kwa kufuata nyuzi, kona zivunjwe makali kidogo. Kwa nje mafuta ya kitani yanaamsha rangi ya mninga kuliko kitu chochote: paka, subiri dakika 20, futa yote yaliyobaki juu, rudia kesho yake mara mbili au tatu. Vitambaa ulivyotumia usivikunje ukavitupa kwenye ndoo. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na rundo la vitambaa linaweza kuwaka lenyewe. Vitandaze nje mpaka vikauke kabisa. Mafuta ya nazi yaache jikoni. Hayakauki, na yatanuka.

Ndani ya kisanduku usipake mafuta. Harufu yake hukwama humo kwa miezi. Paka nta ya nyuki: yeyusha sehemu 1 ya nta kwenye bakuli lililo ndani ya maji ya moto, ondoa jikoni, ipeleke mbali na moto, changanya na sehemu 3 za tapentaini. Ikipoa, paka kidogo kwa kitambaa, acha nusu saa, sugua. Kiache kisanduku wazi kwa wiki moja kabla ya kuweka karatasi au nguo ndani.